Kijiko cha Magadi

Jumatatu, 2 Julai

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Kilomita kumi na mbili kwenye barabara ya shamba, kwenda na kurudi, Regina nyuma yangu hatua mbili kama kawaida yake. Ngano imekauka pande zote. Kombaini zinaingia wiki hii, basi mizani haitapumzika, na mimi karani wake sitapumzika.

Baada ya mbio, dawa. Mwalimu Lohay hapendi niziite dawa. Yeye ndiye ofisa michezo wa shamba, na anasema hivi ni virutubisho, wakimbiaji wakubwa wote duniani wanavitumia. Haya. Kidonge chekundu kimoja, katika vile alivyopewa na mzungu wa matrekta. Vijiko viwili vya glukosi kwenye maji ya moto. Glukosi imebaki robo kopo. Regina hapewi, ingawa tunalala chumba kimoja na kukimbia njia moja. Mwalimu anasema havitoshi wawili, na wa kwanza ni mimi.

Siku ishirini na sita zimebaki. Arusha, mita elfu moja na mia tano. Wawili wa kwanza wanaingia kambi ya taifa. Nataka kuingia. Sitaki kitu kingine duniani. Nimeliandika, sasa halifutiki.

Jumatano, 4 Julai

Mama ametuma kibuyu cha maziwa ya mgando kwa lori la shamba. Nilipotoa kizibo, harufu ya moshi ikanipiga usoni. Mama hufukiza vibuyu vyake kwa kijinga cha mzeituni pori, hatumii mti mwingine. Nikajikuta jikoni kwetu Dirma, nina miaka saba, nimekaa kwenye kigoda nasubiri zamu yangu. Ndama kwanza, watoto baadaye, baba wa mwisho. Hakuna aliyejua neno virutubisho, na hakuna aliyechoka.

Mwalimu kasema maziwa ni mazito, yanakaa tumboni, niyaache mpaka baada ya Arusha. Nimempa Regina. Kwao Dongobesh wana vibuyu pia, anajua kitu kizuri. Alikunywa bila kupumua, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema mama yangu aishi miaka mia.

Nilimwonea wivu. Wivu wa maziwa, mtu mzima mimi!

Jumamosi, 7 Julai

Leo nimefanya la mwaka. Mwalimu amesoma kwamba damu ndiyo inayobeba pumzi, na damu yangu ikiongezeka nitapaa. Vidonge vya damu vipo zahanati, lakini hutolewa kwa wajawazito. Basi nikapanga foleni na wajawazito. Kumi na mmoja, na mimi na raba zangu wa kumi na mbili.

Niliyekuwa nyuma yake aligeuka, akanitazama chini mpaka juu. Kumbe ni mtu wa Dirma, jirani wa shangazi. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akaitikia marahaba, halafu akamwambia mwenzake kwa sauti ya kutosha: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Vidonge nimepata. Vinafanya choo kuwa cheusi. Hilo Mwalimu hakusoma.

Alhamisi, 12 Julai

Mama amekuja. Kashuka kwenye lori la shamba akiwa amefunga kanga mbili, uso umemkauka. Alinitazama tumbo kabla hajaitikia shikamoo yangu.

Ilibidi niapie kwa Mungu, kwa Bikira Maria na kwa marehemu bibi. Nikamwonyesha vidonge. Nikamweleza habari ya damu na pumzi kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakigeuza kidonge kimoja kiganjani, akauliza:

"Kwani damu yako uliyozaliwa nayo ilikwenda wapi?"

Kaondoka na lori la jioni. Kibuyu kingine ameniachia. Nimempa Regina tena, na safari hii sikumtazama akinywa.

Jumatatu, 16 Julai

Glukosi imekwisha. Vidonge vyekundu vimebaki vinne, navibania. Madukani hakuna kitu, hata sabuni ni ya kutafutana. Nimekimbia leo miguu ikawaka moto raundi ya mwisho, nikaingia sekunde tatu nyuma ya muda wangu. Nimeogopa. Nimelia kidogo chooni.

Mchana Mwalimu akaja mizanini mbio, shati nje. Mzungu wa matrekta amempa gazeti la michezo la kwao. Wakimbiaji wa mita mia nane na elfu moja mia tano wanakunywa soda ile ya kuumulia keki, imekorogwa kwenye maji, kabla ya mashindano. Inazuia miguu kuwaka. Kuwaka kule kule kwangu! Tukadandia gari la dizeli mpaka Katesh, kwa Bwana Athumani.

Bwana Athumani ni Mrangi, baba yake alitoka Kondoa akiuza chumvi. Dukani kwake kuna kila kitu isipokuwa unachokitaka. Soda ya keki hajaiona tangu mwaka juzi, na keki yenyewe pia. Mwalimu akaanza kuaga. Mimi macho yangu yakaangukia gunia lililokaa mlangoni, wazi, na kile kitu cheupe-kijivu kinachometameta. Magadi ya ziwa Balangida. Ya ng'ombe, na ya kulainishia makande.

Ni mimi niliyesema. Nimeandika ili nisije nikamsingizia Mwalimu baadaye. Nilisema hii na ile ni ndugu, tofauti moja imepitia kiwandani. Bwana Athumani akasema ni ukoo mmoja kabisa. Mwalimu alisitasita, akakuna kidevu, akasema kidogo kidogo basi.

Jumatano, 18 Julai

Harufu ya magadi haitoki kwenye sanduku langu la nguo. Haiudhi. Inanirudisha.

Zamani baba alikuwa akipeleka ng'ombe chumvini kila baada ya miezi miwili mitatu. Njia ilikatiza moja kwa moja kwenye tambarare hii hii, hapa nilipokaa napima ngano. Tulitoka asubuhi na mapema, kiporo cha ugali kwenye kitambaa. Tukifika ukingo wa bonde, ziwa bado liko mbali, jeupe kama sahani, yule jike mwenye pembe moja anainua pua. Anasimama. Halafu anaanza. Na kundi zima linaanza! Vumbi, mikia juu, hata vikongwe wanakimbia.

Kazi yangu ilikuwa kuwatangulia. Pembeni mwa ziwa kuna tope linalomeza ng'ombe, lazima mtu afike pale kabla yao, asimame na fimbo, awakatishe upande wa kulia. Baba hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa. Alikuwa na mimi. Sikuwahi kuchelewa. Mwalimu anasema aliniona mara ya kwanza kwenye michezo ya shule akashangaa nimejifunza wapi kumaliza vile. Nilijifunza pale.

Wakishalamba wanakunywa kwenye chemchemi ya maji baridi, wanalala. Na sisi tunalala. Baba alikataza mtu yeyote kuinua fimbo mpaka kesho yake asubuhi. Sijui kama nilipenda zaidi mbio au kule kulala kwa baadaye, mgongo wangu kwenye ubavu wa ng'ombe, tumbo lake likinguruma.

Shamba lilipokuja, njia ikalimwa. Nami nikapata kazi shambani. Sijui nisemeje hapo.

Ijumaa, 20 Julai

Nusu kijiko kwenye kikombe cha maji. Ladha ya majivu na sabuni. Nikasubiri saa moja, nikateuka kama mzee, nikakimbia.

Miguu haikuwaka. Nimerudia: haikuwaka. Mwalimu aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Sekunde mbili chini ya muda wangu bora. Regina alibaki mbali, akanishika bega akauliza leo nimekula nini. Nikamwambia ugali.

Tumbo lilisokota kidogo mchana. Si kitu.

Jumapili, 22 Julai

Baada ya misa nimekwenda nyumbani Dirma. Baba amezeeka tangu Pasaka. Ng'ombe wamebaki tisa. Mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama. Siku hizi baba hununua magadi ya kupimiwa kwa kopo kwa Bwana Athumani, anawamwagia kwenye gogo lililochongwa. Wanalamba bila furaha, wanageuka wanaondoka. Baba anasema si sawa. Ng'ombe anataka kuyafuata magadi, hataki yamfuate yeye.

Alinipeleka mpaka mwisho wa boma kunionyesha mahali njia ilipoingia kwenye ngano. Bado kuna alama, bonde dogo la kwato, halafu ghafla ngano. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Mfukoni nilikuwa na kifurushi cha magadi, kwa ajili ya asubuhi ya kesho. Sikumwambia. Nilikishika muda wote kama mwizi.

Jumatano, 25 Julai

Malori arobaini leo. Macho yamejaa makapi ya ngano. Nimekimbia kidogo tu.

Mwalimu anasema siku ya Arusha nusu kijiko, kama tulivyojaribu. Mimi nafikiri, kama nusu imenipa sekunde mbili, je, kijiko kizima? Sijamwambia hili. Nafikiri tu.

Ijumaa, 27 Julai

Arusha. Tumekuja juu ya magunia ya ngano, Regina, mimi na Mwalimu, tumejifunika turubai moja. Regina ameimba nyimbo za kwaya njia nzima. Kabeba kibuyu cha mama, kile cha pili, kimejazwa upya na mwanamke jirani yetu kule shambani. Anasema bila hicho tumbo lake halijui kama ni asubuhi.

Tumelala mabweni ya shule. Hofu inanitembea mwilini. Nikiingia kambi nitapanda ndege. Baba ataona jina langu gazetini, atasomewa na katekista. Njia yake imelimwa lakini mtoto wake amepita. Ndivyo ninavyojiambia.

Jumamosi, 28 Julai

Sitaandika leo.

Jumapili, 29 Julai

Nitaandika, maana nisipoandika nitasimulia uongo baadaye.

Vijiko viwili. Si kimoja, viwili, vimejaa. Nilijifungia chooni bwenini saa mbili kasoro, nikakoroga kwenye chupa ya soda, nikanywa yote, na Mwalimu akijua nimekunywa nusu kijiko. Mbio zilikuwa saa tatu.

Raundi ya kwanza niliongoza. Ya pili niliongoza, na sijawahi kukimbia vizuri namna ile tangu nizaliwe. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtoto wa miaka kumi anayewahi tope. Watu walisimama. Nilisikia Mwalimu akiita jina langu, sauti imempasuka.

Kabla ya kengele ya raundi ya mwisho tumbo likaniita. Kwanza kisu. Halafu maji. Yeyote aliyewahi kuwa na tumbo anajua saa ile hakuna mjadala. Nilifikiri naweza kufika. Sikufika. Kengele ilipigwa na mimi nikakata kulia, nje ya mstari, nikaruka kamba, nikapita katikati ya waheshimiwa nikakimbilia choo cha uwanja. Wengine walipiga makofi, walidhani mbio zinapita huko.

Nilikaa mle mpaka kelele zikaisha. Mlango una tundu. Kupitia tundu lile niliona Regina akiinuliwa mkono. Wa pili. Kaingia kambi.

Nimeaibika. Hakuna neno jingine.

Jumanne, 31 Julai

Tumerudi. Lori, magunia yale yale matupu. Regina hakuimba. Namchukia. Hapana. Namchukia kidogo. Amenishika mkono kutoka Makuyuni mpaka Babati na sikuutoa.

Mwalimu alikuja chumbani jioni, akasimama mlangoni kofia mkononi. Akasema kosa ni lake, asingeniletea mambo ya kwenye gazeti. Nikamwambia vijiko vilikuwa viwili. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Halafu akasema alikuwa amekwisha kuniandikia barua ya kuniombea ruhusa ya kazi, miezi mitatu ya kambi, imo mfukoni mwake tangu Mei. Akaitoa, akaniachia.

Kidonge cha mwisho chekundu kiko dirishani. Sijakinywa.

Jumamosi, 4 Agosti

Regina ameondoka kwenda kambi. Asubuhi kikaja kibuyu kutoka kwa mama, lori la kwanza. Nikakifungua, nikanywa nusu, nimesimama, bila kikombe. Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau. Halafu nikakimbia mpaka kwenye lori la Regina, nikampa nusu iliyobaki na kibuyu chenyewe. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na masharubu ya maziwa.

Nikamwambia ukweli wa siku ile aliponiuliza nimekula nini. Akasema alijua, sanduku langu lilinuka kama zizi.

Jumapili, 5 Agosti

Dirma. Nilijua nitalazimika kumweleza baba, maana habari ilishafika ikiwa na mkia: wapo waliosema nimelogwa, wapo waliosema mimba imetoka uwanjani. Nikamkuta akichonga mpini wa jembe. Shikamoo. Marahaba. Nikakaa chini, nikasema yote, kidonge, damu, gazeti, gunia la Bwana Athumani, vijiko viwili. Hata kifurushi nilichokuwa nacho mfukoni siku ile mwisho wa boma.

Alivuta ugoro taratibu, pua ya kwanza, pua ya pili.

"Ulilamba magadi, halafu ukakimbia?"

"Ndiyo, baba."

"Na ng'ombe akishalamba tunamfanyaje?"

Nilihisi joto linapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Jibu nalijua tangu nina miaka sita. Nimeliandika mwenyewe humu, kurasa chache nyuma, kwa mkono wangu.

"Tunamwacha alale," nikasema.

Nilisubiri aniambie mwacha asili ni mtumwa. Ni methali yake, anaipenda, angeweza kuitumia na ningestahili. Hakuitumia. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpini ukamtoka mkononi, mama akatoka jikoni kuona nani amekufa. Nilikasirika. Halafu na mimi nikacheka, machozi yakaja humo humo, sijui yalikuwa ya lipi.

Alipotulia akasema mwezi huu ng'ombe watakwenda chumvini kwa miguu yao. Nikamkumbusha njia haipo. Akasema njia ya kuzunguka shamba ipo, ni siku mbili badala ya moja, na yeye hana haraka. Magoti yake tu hayawezi kuwahi tope.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimeomba ruhusa ya siku nne mizanini. Nimempa bosi barua ya Mwalimu ile ile, nikafuta miezi mitatu nikaandika siku nne. Akauliza kambi gani hiyo ya siku nne. Nikamwambia ya kwetu.

Jumapili, 12 Agosti

Naandika hapa Balangida, jua linapinda, daftari juu ya goti.

Tulizunguka. Siku nzima jana ukuta wa ngano ukiwa kushoto, sehemu zilizovunwa zimebaki mabua, na kombaini moja mbali inatoa vumbi. Baba hakuutazama upande ule. Leo saa nne tukafika ukingo. Yule jike mwenye pembe moja alikufa zamani, lakini binti yake, mweusi, aliinua pua. Nilimwona akisimama. Baba akaniambia nenda.

Nilikwenda. Tumboni sikuwa na kitu ila maziwa ya mama na kipande cha kiporo. Miguu iliwaka katikati ya mteremko, ikawaka kabisa, nikaiacha iwake. Nikafika kwenye tope kabla yao, nikasimama na fimbo, wakakata kulia wote tisa. Hakuna aliyepima muda.

Wamelamba mpaka ndimi zimekuwa nyeupe. Baba naye kaweka punje ulimini, kanitazama, kanicheka tena. Mimi sikugusa. Wamekunywa chemchemini, sasa wamelala. Huyu mweusi nimemwegemea, tumbo lake linanguruma mgongoni kwangu. Mwalimu amesema mwakani kuna mchujo mwingine. Nitakwenda.

Baba ameziweka fimbo zote mbili chini, pamoja, mbali na sisi. Mpaka asubuhi. Nafunga daftari, nami nilale.